Baba anakumbuka kila kitu, lakini haogopi tena kupoteza

SWALI

Shikamoo mshauri wetu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 38, ninaishi na kufanya kazi Arusha, na wazazi wangu wako kihambani kwetu, yaani shamba la ukoo lenye makazi yetu, wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Ninakuandikia kuhusu baba yangu, aliyetimiza miaka 69 mwaka huu, kwa sababu tumefika mahali ambapo kila mmoja katika familia ana jibu lake na hakuna jibu linalotupa amani.

Baba alikuwa mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika cha kahawa kwa zaidi ya miaka 20. Nyumbani kwetu haikutoka shilingi bila kuandikwa. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, mapato akiyaandika kwa kalamu ya bluu na matumizi kwa nyekundu, na risiti zote alizitunga kwenye waya uliopigiliwa ukutani nyuma ya mlango wa chumba chake. Tulipotumwa dukani tulirudi na chenji na risiti, na ikipungua hata shilingi 50 tulirudishwa tukaifuate.

Mwezi wa Januari alikuja kijana mmoja wa pikipiki akinadi miche ya parachichi. Baba alimpa shilingi 400,000 za kianzio na miche haikuja. Hilo tulilimeza, maana wengi pale kijijini walilizwa na kijana huyohuyo. Lakini mwezi wa Mei kijana alirudi na maneno mapya, na baba akamtumia shilingi 650,000 kwa simu. Mwezi wa Agosti aliuza mtamba wa mama bila kumwambia, ili amwongezee. Niliposafiri kwenda nyumbani nilimuuliza kama anamfahamu vizuri kijana huyo. Alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: “Namjua, ni mwizi yule, alikula fedha zangu za Januari.” Nilipomuuliza kwa nini basi alimpa tena, alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwongezee chai.

Siku hiyo nililifungua daftari lake. Maandishi yanakoma mwezi wa Novemba mwaka jana, katikati ya ukurasa, na hesabu ya mwisho haikujumlishwa. Bili ya maji, ambayo zamani aliilipa kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi, ilikuwa na deni la miezi minne.

Kumbukumbu zake, hata hivyo, ni nzima. Anawataja makatibu wote wa chama tangu alipoajiriwa, anajua watoto wangu wako darasa la ngapi, na vijana anawafunga kwenye drafti. Kilichobadilika zaidi ni moyo wake. Mwezi wa Juni mama aliteleza uani akavunjika mkono wa kushoto mbele ya macho yake, na baba aliendelea kula mpaka akamaliza sahani. Jirani ndiye aliyekuja kumwinua mama. Huyu ndiye baba ambaye, nilipougua malaria nikiwa darasa la tatu, alinibeba mgongoni usiku kucha hadi zahanati.

Ana kisukari na shinikizo la damu kwa zaidi ya miaka 10, anatumia metfomini na dawa ya presha, na tangu mwaka jana humeza piriton kila usiku ili apate usingizi. Hanywi pombe. Tulimpeleka kituo kimoja cha afya, mhudumu akamuuliza siku, mwezi na jina la Rais, akajibu yote, nasi tukaambiwa mzee ni mzima na tuache kumsumbua. Baba mdogo anasema karogwa na anataka kumpeleka kwa mganga. Kaka yangu anataka tumnyang'anye simu na kadi ya benki mara moja. Mama anasema ni uzee, kisha analia. Mimi nilimfokea baba mbele ya wajukuu wake, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Je, huu ni uzee, ni ugonjwa, au ni tabia aliyokuwa ameificha? Na tukimnyang'anya simu tutakuwa tumemkosea?

Binti mwenye mashaka, Arusha

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Katika barua yako yote nimerudia kusoma mahali pamoja, pale baba yako alipokwambia kwamba kijana yule ni mwizi, ilhali ameshampa fedha mara tatu. Wewe umelichukua jibu hilo kuwa ni ukaidi au dharau, na ninaelewa kwa nini, lakini mimi naona ndilo linalotupa mwanga. Kujua kwamba mtu ni mwizi ni jambo moja, na kusita kumpa fedha ni jambo jingine, na katika ubongo kazi hizo mbili hazifanyiki mahali pamoja. Mtu anaweza kupoteza ya pili huku ya kwanza ikiwa haijaguswa.

Mwaka 1994 Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walieleza mchezo wa karata waliouunda kupima jambo hili hasa. Mchezaji hupewa fedha za kuigiza na kuwekewa mafungu manne ya karata, kisha huchagua karata 100, moja baada ya nyingine, bila kuambiwa siri ya mafungu. Mawili hulipa vizuri kila karata, lakini mara kwa mara huleta faini kubwa inayomla mchezaji mpaka akafilisika. Mawili mengine hulipa kidogo, faini zake ni ndogo, na mwisho wa mchezo humwacha na faida. Watu wenye afya huanza kwa kuvutiwa na malipo makubwa, wanaumia, halafu taratibu wanahamia mafungu ya faida ndogo. Watu walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso karibu na juu ya macho, waliendelea kurudi kwenye mafungu yaliyowatia hasara. Watafiti walipopima jasho la viganja waliona kwamba mtu mzima wa afya hutoka jasho kidogo kabla mkono wake haujagusa fungu baya, hata kabla hajaweza kueleza ubaya wake, na jasho hilo la tahadhari halikuwapo kwa wale wenye jeraha. Katika taarifa yao ya mwaka 1997 walieleza pia kwamba baadhi ya wagonjwa hao waliweza kusema kwa maneno fungu lipi ni baya, na bado wakalichagua.

Linganisha hayo na baba yako na mwuza miche. Naongeza, kwa uaminifu, kwamba wapo watafiti waliopinga sehemu ya maelezo hayo, wakisema wachezaji huujua mchezo mapema kuliko ilivyodhaniwa, kwa hiyo huenda jasho halitangulii ujuzi. Hata hivyo, jambo linalotuhusu sisi limebaki limesimama: hisia si adui wa uamuzi mzuri. Hofu ndogo, aibu ndogo, ule moyo kushtuka unaposikia sauti ya mtu aliyekwisha kukudhulumu, ndivyo vinavyouzuia mkono usibonyeze namba ya siri. Baba yako alipokuwa akihangaikia shilingi 50 ya chenji hakuwa akitumia hesabu peke yake, alikuwa pia akiumia. Sasa anaonekana haumii, na maumivu hayo hayo ndiyo yaliyokosekana alipomwona mama yako chini na mkono uliovunjika. Mwuza miche na mkono wa mama, mambo uliyoyaandika katika aya mbili tofauti, mimi nayaona kuwa huenda ni jambo moja.

Umeuliza kama huu ni uzee. Uzee wenyewe hubadilisha maamuzi, tena kwa watu wasio na ugonjwa wowote. Natalie Denburg na wenzake, hukohuko Iowa, waliwapa mchezo ule wa karata wazee wenye afya na wenye kumbukumbu nzuri, wakaona kwamba baadhi yao walicheza karibu kama watu wenye jeraha la mbele ya ubongo. Mwaka 2007 Gregory Samanez-Larkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba ubongo wa wazee ulichangamka sawasawa na wa vijana ulipongojea kupata fedha, lakini ulichangamka kwa kiasi kidogo kuliko wa vijana ulipongojea kupoteza. Mwaka 2012 Shelley Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles waliwaonyesha vijana na wazee picha za nyuso. Nyuso ambazo vijana waliona haziaminiki, wazee waliziona zinaaminika zaidi, na sehemu ya ubongo iitwayo insula, ambayo hutusaidia kuhisi kwamba hapa pana hatari, iliitika hafifu kwao. Matapeli hawasomi majarida ya sayansi, lakini wanajua kwa nini wanabisha hodi kwa wazee.

Nisikuache ukadhani kwamba kuzeeka ni kuharibika tu. Laura Carstensen wa Stanford ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba, kwa wastani, watu wanapozeeka huwa na hisia tulivu zaidi, huchagua kukaa na wale wanaowapenda, na huyapa mazuri uzito kuliko mabaya. Mzee wa kawaida anaweza kuwa mwepesi wa kumwamini mgeni, lakini haachi kumjali mke wake. Hapo ndipo barua yako inaponitia wasiwasi. Mtu asipimwe kwa kulinganishwa na jirani yake wala na wewe, apimwe kwa alivyokuwa yeye mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kuweka hesabu maisha yake yote akisahau bili ya maji hatushtuki. Baba yako kuacha ukurasa bila kujumlisha ni jambo la kushtua. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 na Lauren Nicholas na wenzake, uliohusu wazee zaidi ya 80,000, ulionyesha kwamba waliokuja kugundulika kuwa na demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza polepole uwezo wa kufikiri na kukumbuka, walianza kuchelewesha malipo ya madeni yao hadi miaka 6 kabla daktari hajautaja ugonjwa. Fedha huonyesha mapema kuliko majina ya wajukuu.

Kwa hiyo sikubaliani na mliyoambiwa katika kituo kile, ingawa simlaumu sana mhudumu, kwa kuwa maswali ya siku, mwezi na Rais ndiyo ambayo wengi hufundishwa. Maswali hayo hupima kumbukumbu na utambuzi wa wakati. Ipo aina ya demensia inayoanzia sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo, na aina hiyo huanza kwa kubadilika tabia, kupungua huruma na kufanya mambo ya papara, huku kumbukumbu ikibaki nzuri kwa muda mrefu. Katika hatua za mwanzo mgonjwa anaweza kufaulu vipimo vifupi bila shida. Mara nyingi hujitokeza kabla ya miaka 65, lakini huweza kuanza baadaye. Wilayani kwenu Hai, kama hujui, ndiko ulikofanyika uchunguzi mkubwa wa demensia kijijini, nyumba kwa nyumba, ambao ulikuta ugonjwa huo kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Kutokana na kazi ya watafiti hao na wenzao wa Nigeria kilipatikana kipimo kinachomfaa hata mzee asiyejua kusoma: anaulizwa daraja ni nini, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kwa umbo aliloonyeshwa, anakumbuka maneno 10 aliyosomewa. Ni kipimo kizuri na ninatamani kila kituo kingekuwa nacho, lakini hata hicho baba yako anaweza kukipita, na akikipita msirudi nyumbani mkiamini kwamba mambo yamekwisha.

Sisemi kwamba ana ugonjwa huo. Siwezi kuujua kwa barua, na daktari mzuri atatafuta kwanza yale yanayotibika. Kisukari na presha za muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu kichwani, na vidonda vidogo vya namna hiyo vikitokea upande wa mbele humfanya mtu apoe na asijali. Metfomini ikitumiwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huvuruga fikra na hisia. Piriton ya kila usiku ndiyo iliyonishtua zaidi: ni dawa ya mzio, na kwa mzee huchanganya akili na kufifisha umakini, kwa hiyo mwombeni daktari awaambie mapema kama aiache na amtafutie njia nyingine ya usingizi. Msonono nao kwa wazee mara nyingi hauji na machozi, huja na ubaridi. Tezi ya shingoni, kaswende na VVU hupimwa kwa damu. Halafu muulizeni mama kama mzee aliwahi kuanguka au kugonga kichwa mwaka huu au mwishoni mwa mwaka jana, hata kidogo, kwa sababu damu inayovuja polepole kati ya ubongo na fuvu huweza kumbadilisha mtu kwa majuma na miezi, na huonekana kwa picha ya CT.

Mpelekeni hospitali ya rufaa, kwa daktari wa mishipa ya fahamu au wa magonjwa ya akili, au kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani kama hao hawapatikani. Mwambieni ni kliniki yake ya kisukari na presha, jambo ambalo ni kweli, kwa maana na hayo yatapimwa. Wewe ingia kwa daktari dakika chache peke yako, uwe na karatasi yenye tarehe: Novemba daftari lilipokoma, Januari, Mei, Juni mama alipoanguka, Agosti mtamba alipouzwa. Usiandike “amekuwa mkorofi”. Andika alichokifanya na alichokisema, kama ulivyoniandikia mimi. Chukueni dawa zake zote kwenye mfuko, zikiwamo za kienyeji kama zipo.

Kuhusu simu, kaka yako ana haki ya kuogopa lakini njia yake siiungi mkono. Simu si ya kutuma fedha tu, ndiyo inayomuunganisha na wajukuu na wenzake wa zamani, na mzee aliyenyang'anywa vitu vyake kwa nguvu huanza kuwaogopa watoto wake na kumkumbatia yeyote anayemchekea, akiwamo mwuza miche. Zungukeni upande mwingine. Fedha za kahawa na mnazotuma ninyi watoto ziingie katika akaunti ya pamoja ya baba na mama inayohitaji saini za wote wawili, na kwenye simu yake ibaki fedha ya matumizi ya wiki, ambayo akiipoteza hamtaumia. Kijana yule mripotini polisi, na mwenyekiti wa kitongoji aarifiwe, kwa kuwa waliolizwa ni wengi.

Kihamba kinanipa wasiwasi kuliko simu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mama aijue haki hiyo, na wazee wa ukoo pamoja na serikali ya kijiji waelezwe mapema, kwa heshima, kwamba asiletwe mnunuzi yeyote bila yeye kuwapo. Kama daktari ataona kwamba baba bado anaelewa anachokitia saini, nendeni kwa mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria mkaandike, kwa ridhaa yake, nani atamsaidia mambo ya mali. Hati ya namna hiyo huandikwa mtu akiwa na akili timamu, na akishapoteza uwezo huo njia inayobaki ni mahakama.

Baba yako mdogo msimgombeze. Anayeona kaka yake amegeuka mtu mwingine usiku na mchana lazima atafute jina la kilichotokea, na yeye ametaja analolijua. Akitaka kumwombea, amwombee. Nitakachokuomba umkatalie ni dawa ya kunywa isiyojulikana, kwa sababu mwili wa mtu wa kisukari na presha hauna nafasi ya kujaribiwa, na pia ucheleweshaji, kwa kuwa kama kuna damu inayovuja au vitamini iliyopungua kila mwezi una gharama.

Na mama. Katika barua yako analia mara moja tu, lakini mkono ulivunjika wake, mtamba uliuzwa wake, na ndiye anayelala chumba kimoja na mtu asiyemtambua. Mwambie, kwa maneno haya haya ukipenda, kwamba siku ile alipoanguka mume wake huenda hakuacha kumpenda, huenda ilizimika sehemu inayomwinua mtu kitini. Atafutiwe mtu wa kumsaidia ng'ombe na maji walau mpaka mkono upone, na ninyi watoto mpeane zamu za kwenda, si za kupiga simu.

Wewe uliyemfokea baba yako, nenda ukamwombe radhi hata kama unaona ameshasahau au hajali. Kisha, Jumapili moja kabla ya kliniki, mletee daftari lake mezani asubuhi akiwa ameshakunywa chai, na kalamu zote mbili, ya bluu na nyekundu. Mwombe akusaidie kuumaliza ule ukurasa wa Novemba. Usimsahihishe na usimharakishe. Angalia anachukua kalamu ipi kwa mapato, anajumlisha mpaka wapi, anaposhindwa anakasirika, anacheka, au anasukuma daftari bila neno, na likitajwa jina la kijana wa miche uso wake unakuwaje. Akichoka, funga. Andika tarehe na ulichokiona, na karatasi hiyo iwe ya kwanza kumpa daktari.